Kutoka Nyegezi mpaka ukumbini: kujiandaa na kongamano la mabloga ukitokea Mwanza

Zimebaki siku 19. Nazihesabu kama mtoto anayesubiri Idi, mpaka mwanangu wa darasa la tatu kaniuliza "mama, unaenda kuolewa?" maana kila jioni ananiona naandika vitu kwenye karatasi halafu nacheka mwenyewe. Naenda kongamano la mabloga Dar, siku mbili, tiketi iko kwenye simu na nimeipiga skrinishoti mara mbili kwa sababu simu yangu ina tabia zake.

Hii ni mara yangu ya tatu. Ya kwanza nilienda kama mgeni wa harusi, nikala, nikapiga makofi, nikarudi Mwanza na begi la kitambaa, kalamu tatu na deni. Ya pili ndo akili ilinikaa sawa. Kwahiyo haya nakuandikia wewe bloga wa huku kwetu, uwe Igoma, Buswelu, Sengerema, Ukerewe, Musoma au Bukoba, unayetaka kwenda kwa mara ya kwanza na unajiuliza hiyo hela itarudi vipi.

Itarudi, ila sio kwa kukalia kiti. Mtu wa Kinondoni akiboreka saa 6 anapanda daladala anarudi kwake, kesho anakuja tena. Wewe umekula zaidi ya kilomita 1,100 za lami, umelipia gesti, umefunga shughuli zako siku nne au tano. Kongamano lako linaanza wiki tatu kabla, hapo hapo mezani kwako, ukifika ukumbini unakuwa umeenda kuchukua vilivyo vyako tu.

KWANZA, UNAENDA KUTAFUTA NINI?

Hapa kaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Chukua karatasi andika swali moja. Moja. Na lisiwe "nitakuzaje blogu yangu", hilo ni swali la mtu ambaye hajafungua takwimu zake, na ukimuuliza mtu mwenye uzoefu atakujibu "andika mara kwa mara", utasema asante na mtaachana hapo.

Fungua takwimu za miezi mitatu iliyopita, tafuta kitu kinachokukera. Mimi naandika mambo ya ziwa, dagaa, sato, bei za soko la samaki la Mwaloni Kirumba, mapishi, safari za visiwani. Kabla ya kongamano la pili niliona watu wengi wanatoka Google wanatua kwenye posti moja tu, ya jinsi ya kuondoa mchanga kwenye dagaa, wanasoma, wanaondoka, hawagusi kingine. Swali langu likawa hivi: nifanyeje huyu mama aliyekuja na dagaa wake asome na posti ya pili? Nililiuliza kwa watu kama wanane ndani ya siku mbili, kwenye foleni ya chai, kwenye ngazi, mpaka msalani kwenye kunawa mikono. Wengi walinipa majibu ya kitabuni. Dada mmoja anayeandika mambo ya malezi akaniuliza, kwenye hiyo posti kuna mahali msomaji anasubiri? Nikamwambia ndio, anasubiri maji yapate moto. Akasema basi linki weka hapo, manake hapo ndo ana mkono mmoja mtupu na simu iko juu ya meza. Aisee. Linki ilikuwa chini kabisa, nikaipandisha pale penye maji ya moto, na mpaka leo hiyo posti ya pili inasomwa kuliko nyingi nilizotolea jasho.

Jibu la namna hiyo hulipati kwenye hotuba. Na hotuba zenyewe siku hizi nyingi zinawekwa mtandaoni, mfano mikutano ya WordCamp, ile ya watu wa WordPress iliyoanzia San Francisco mwaka 2006, hotuba zake nyingi ziko WordPress.tv bure, unaangalia ukiwa umelala kwako Nyakato. Kwahiyo kama unaenda kusikiliza tu, tunza nauli yako.

Wakongwe wanaijua hii. Michuzi, mpiga picha, alifungua blogu yake mwaka 2005 akiwa Helsinki, alikoenda kwa mambo ya mkutano, na aliyemwonyesha njia ni Ndesanjo Macha ambaye tayari alikuwa anablogu kwa Kiswahili. Watu wangapi walitoka kwenye mkutano ule na mafaili ya makaratasi, yeye akatoka na blogu.

Kama huna swali kabisa, kuna mawili yanayofaa mtu yeyote. La kwanza ni leseni: tangu zile kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanatoa leseni kwa watoa maudhui, kanuni zikaja kubadilishwa na ada zikashuka, kwahiyo ukikuta mwanasheria ukumbini muulize blogu ya aina yako inaangukia wapi, usiishie kwenye stori za vijiweni. La pili ni hela: AdSense, yale matangazo ya Google, hawakulipi mpaka ufikishe dola 100, sasa waulize wenye blogu ndogo kama yako wanaishije kabla ya hapo. Utashangaa wengi wanakula kwa matangazo ya duka la mtaani na sio Google.

HAKIKISHA KONGAMANO LIPO

Unacheka. Mimi nimeshalipia semina ya mabloga hapa hapa mjini, nikatuma hela kwenye namba ya mtu binafsi, nikafika na kijitabu changu na viatu vya kuazima nikakuta kitchen pati. Mama mmoja mwenye kitenge akanikaribisha pilau, nikala, nifanyeje sasa.

Siku hizi silipi kabla sijapiga simu ukumbini kuuliza kama tarehe hiyo imeshikwa na nani, na namtumia ujumbe mzungumzaji mmoja, nachagua ambaye sio maarufu sana kwa sababu huyo anajibu, namuuliza tu "kaka nimeona jina lako kwenye tangazo, nategemea kukusikia". Kama hajui kwamba yuko kwenye tangazo utalijua hapo hapo. Malipo yaende lipa namba yenye jina la taasisi, ujumbe wa muamala usiufute.

HELA

Tiketi za mapema huwa nafuu, kwahiyo anza nazo. Wengine wanahitaji watu wa kujitolea, kupokea wageni na kugawa beji, omba, unaweza kuingia bure na ukamjua kila mtu mlangoni. Kingine, nenda kwa mfanyabiashara unayemfahamu, mwenye lodji, mwenye boti, mwenye duka la nyavu, mwambie akuchangie nauli na wewe utamwandikia tangazo miezi mitatu. Andika makubaliano hata kwenye karatasi ya daftari, wote mweke saini.

Usikope. Nimeshasema la deni.

SAFARI

Basi za Dar zinatoka stendi ya Nyegezi, nyingi alfajiri, na zinashusha kituo cha Magufuli pale Mbezi usiku. Nauli elekezi za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zinatangazwa, ziangalie kabla mpiga debe hajakupangia za kwake, na udai tiketi ya mashine. Ukiwa unakaa mbali kama Kisesa, ongea na bodaboda unayemjua jana yake, sio unaanza kumtafuta saa 10 usiku na begi kichwani.

Njia ninayoipenda mimi sa hivi ni kuvunja safari Dodoma. Basi mpaka Dodoma, unalala, asubuhi unachukua treni ya SGR, masaa kama manne hivi uko Dar, umenyooka, nguo haijakunjika. Treni hiyo ilianza Dar mpaka Dodoma mwaka 2024, tiketi kata mapema maana siku za wikiendi zinajaa, na kitambulisho beba. Ndege kutoka Mwanza ni kama saa moja na nusu, mwenye nacho apande, sisi wengine tutakutana ukumbini.

Vyovyote utakavyoenda, FIKA SIKU MOJA KABLA. Mara ya kwanza nilishuka Mbezi saa 5 usiku, kongamano asubuhi yake, nikasinzia kwenye mada niliyoifuata kutoka Mwanza yote ile. Nilishtuka watu wanapiga makofi.

Gesti chukua ya kutembea kwa mguu mpaka ukumbini hata kama ni ghali kidogo, kwa sababu foleni ya Dar haina huruma na mtu wa Mwanza aliyezoea kutoka Kirumba mpaka mjini kwa dakika chache. Dada zangu, piga simu gesti kabla, uliza kama mlango wa chumba una komeo la ndani, na mtu wa nyumbani aachiwe jina la gesti na namba ya mapokezi.

Halafu masaa. Ratiba nyingi zinaandikwa kizungu, 9:00 ni saa 3 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana. Unaona rahisi eeh? Jamaa yetu mmoja alisoma "saa 9", akapumzika gesti, akaja saa 9 alasiri kaoga kapendeza anakuta tunafunga. Kaa na ratiba nyumbani uandike pembeni kwa masaa yetu, kalamu nyekundu.

Kama kongamano lako ni Nairobi, njia ni Sirari, kama ni Kampala utapitia Bukoba na Mutukula, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hamna tena kupanga foleni ya kivuko pale. Pasi ya kusafiria au hati ya muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, visikusahaulike mezani.

BLOGU YENYEWE IOGE

Ukimwambia mtu jina la blogu yako ataifungua pale pale, kwenye simu yake, kwa bando lake, mbele ya macho yako. Hizo sekunde ni ndefu sana. Mara ya pili nilisimama na kaka mmoja tunaangalia kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, picha yangu ya sato ilikuwa nzito kama sato mwenyewe, akasema "ngoja nitaangalia baadae" akaweka simu mfukoni. Hakuangalia.

Kwahiyo wiki mbili kabla punguza ukubwa wa picha, azima simu ya bei ndogo ya jirani, zima waifai, fungua blogu yako kama mgeni. Bonyeza kila kitu kilichoko kwenye menyu. Ukurasa wa "kuhusu mimi" kama bado unasema "karibu kwenye blogu yangu mpya" na blogu ina miaka minne, badilisha leo. Jaza ile fomu ya mawasiliano mwenyewe uone kama ujumbe unafika, yangu ilikuwa imekufa miezi na sikujua. Chagua posti zako tatu bora uzipandishe juu.

SENTENSI MOJA

Utaulizwa "unaandika nini?" mara hamsini. Ukijibu "mimi ni kontenti krieta" umejibu kama watu mia waliomo humo ndani. Tengeneza sentensi moja, ijaribu kwa mtu asiyehusika kabisa na blogu. Mimi niliijaribu kwa dada anayeuza vocha Kirumba, nikamwambia "naandika kuhusu rasilimali za Ziwa Victoria", akanitazama, akasema "kwahiyo unauza dagaa?" Nikarudi nyumbani nikaipangua. Sasa nasema: "nawaandikia wanaopika na wanaouza samaki wa Ziwa Victoria, kwa Kiswahili, bei na mapishi." Yule dada wa vocha akaniuliza sato wa leo bei gani. Hapo nikajua imekaa.

Kadi zichapishe steshenari yoyote ya mjini, jina, blogu, namba ya WhatsApp, na QR kodi ya kufungulia blogu, basi. Nyuma acha peupe, utaona sababu. Na tafadhali usiweke picha ya jiwe la Bismarck, kila mtu wa Mwanza anaweka hiyo.

BEGI

Pawabenki iliyojaa. Daftari na kalamu mbili. Koti jepesi au mtandio, kiyoyozi cha ukumbini kinaweza kukutoa mafua ndani ya Dar yenye joto lile. Bando lako mwenyewe, waifai ya ukumbini watu mia tatu wakiingia inakuwa pambo. Ratiba, ramani na tiketi zipakue kabisa. Na ekstensheni! Kwenye kumbi zetu soketi iko moja nyuma ya pazia, wewe ukichomeka ekstensheni yenye matundu manne umepata majirani watatu ambao hawaendi popote mpaka simu zijae. Mmoja wa majirani wangu wa ekstensheni ndo ananitengenezea blogu mpaka leo.

Zawadi. Mara ya kwanza nilibeba dagaa wa kukaanga kwenye mfuko wa nailoni, kufika Singida mafuta yameshuka yameingia mpaka kwenye bahasha ya kadi. Kondakta alinusa nusa basi zima, mimi niko kimya naangalia dirishani. Ukumbini nikawa sina jinsi, nikagawa kadi zenye harufu ya dagaa, na ajabu ni kwamba watu walionikumbuka wote walianza na "wewe si ndo yule wa dagaa?" Siwezi kukushauri ufanye hivyo makusudi. Siku hizi nabeba michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, haivuji, hainuki, haiozi, naifunga vifungu vidogo vidogo na kadi ndani, mtu wa Dar anauliza hii nini, ndo mazungumzo yameanza. Ukiweza na matobolwa weka, yale ya viazi vilivyochemshwa vikaanikwa, ila matobolwa yanaisha kwenye basi.

UKUMBINI

Usikae na watu wa Mwanza. Mnapendana najua, mtasalimiana Kisukuma, mwangaluka, mtacheka, siku itaisha na hao utawakuta nyumbani.

Chagua mada tatu tu kwa siku za kuingia kwa nia, zilizobaki kaa koridoni. Foleni ya chai ni mahali pazuri kuliko meza, mezani watu wameshajigawa. Mkubwa kwako mpe shikamoo yake, hata kama kavaa kofia ya vijana, halafu sentensi yako, halafu swali lako, kisha NYAMAZA umsikilize. Akimaliza mpe kadi, yake geuza nyuma uandike mlichoongea: "linki penye maji ya moto", "ana mdogo wake Geita anauza barafu". Ndo maana nilikwambia nyuma pabaki peupe, wenzio nao wataandika. Jioni una kadi 30, bila yale maandishi ni makaratasi.

Kwenye maikrofoni uliza swali, usitoe historia ya maisha. Tunaowajua wanaoanza na "kwanza kabisa napenda kushukuru" wapo kila kongamano, sekunde 20 zinakutosha.

Picha piga lakini omba. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kazi Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kuna wanaoandika kwa majina ya bandia na wana sababu zao.

Jioni, kabla hujalala, andika posti fupi moja, aya tatu, kitu kimoja ulichojifunza na nani alikifundisha, mtumie huyo mtu. Ndefu utaandika ukirudi.

KURUDI

Basi la kurudi ndo ofisi. Una masaa zaidi ya kumi na tano, toa kadi zote, zigawe mafungu: watu wa kuwaandikia, watu wa kuwasoma, na wale uliochukua kadi zao kwa heshima. Fungu la kwanza liwe dogo, watano sita. Kila mmoja ujumbe wake, usitume mmoja kwa wote, maana tunajua tukitumiwa. Kitu kama hiki:

"Shikamoo dada, ni mimi wa Mwanza wa michembe. Ulinishauri nipandishe linki, nimeipandisha leo, hii hapa. Ile picha ya mwaloni uliyoniomba nakutumia Jumatatu."

Umeona, hakuna kuomba kitu. Umefanya alichokwambia na umeahidi kidogo chenye siku yake. Andika huko huko kwenye basi, mtandao ukikatika katikati ya pori iache ikisubiri, ukiingia Shinyanga zote zitaondoka pamoja. Zikipita siku tatu bila kuandika wewe umeshakuwa "nani vile?"

Jumatatu hiyo picha itume kweli.

Swali langu la safari hii nimeshaliandika, linahusu wasomaji wa upande wa Kenya na Uganda, ziwa ni letu sote watatu lakini bei ninazoandika ni za shilingi ya kwetu na wanakuja wanaondoka. Kama una jibu nitafute kwenye foleni ya chai, nitakuwa nimejitanda kitenge cha bluu. Ngoja nikageuze michembe, iko kwenye bati juani na mawingu yameanza kupanda kutokea ziwani.